Usukani Mmoja, Mikono Mingi

Tunaandika kutoka Lundo, kandokando ya Ziwa Nyasa. Juma hili tumeona vema tutafakari pamoja juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halituhusu: namna ya kuendesha chombo cha moto kila siku katika jiji lililosongwa na foleni, na kurudi nyumbani jioni ukiwa mzima. Huenda msomaji akauliza: Lundo na foleni, wapi na wapi? Huku kwetu mtu akichelewa, amecheleweshwa na mvua, au na mazungumzo ya njiani, wala si na taa nyekundu. Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kwanza kabla ya kuendelea.

Vijana wetu wanaondoka. Wanaacha mitumbwi na nyavu, wanaacha mihogo na mpunga. Wenzao wa milimani Umatengo wanaacha kahawa. Wanapanda basi na kusafiri zaidi ya kilometa 1,000, kupitia Songea, Njombe, Iringa na Morogoro, hadi Dar es Salaam. Wakifika huko, kazi iliyo karibu zaidi na mkono wa kijana asiye na cheti ni kazi ya barabarani: ukondakta, bodaboda, bajaji, na kwa mwenye bahati, usukani wa daladala. Wapo wanaorudi Krismasi na zawadi mkononi. Wapo pia waliorudishwa ndani ya sanduku, tukawapokea kwa vilio. Ndiyo sababu foleni ya Dar es Salaam ni habari ya Lundo. Tena, tangu lami ya karibu kilometa 67 ilipounganisha Mbinga na Mbamba Bay, mwendo wa mjini nao umeanza kuteremka mlima kutufuata huku ziwani.

Tuanze na jiji lenyewe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika Mkoa wa Dar es Salaam watu 4,364,541. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Yaani katika miaka kumi tu waliongezeka watu zaidi ya milioni moja, nao wote wanataka kwenda kazini, sokoni, shuleni na hospitalini. Wengi hulala pembezoni, Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara na Tegeta, na asubuhi huelekea upande mmoja, Kariakoo na Posta. Barabara kubwa zinazowaingiza mjini ni chache: ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Nyerere na ya Kilwa. Barabara ya Mandela nayo inakata baadhi yake njiani, ikiwa imebeba malori yanayokwenda na kutoka bandarini.

Hatuwezi kusema kwamba hakuna kilichofanyika. Daraja la Nyerere la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, na mwaka huohuo mabasi ya mwendokasi yakaanza kazi katika njia yake ya kwanza, kutoka Kimara hadi Kivukoni. Mwaka 2018 ikafunguliwa barabara ya juu ya Mfugale pale Tazara. Mwaka 2021 ikafuata ile ya Kijazi pale Ubungo. Mwaka 2022 likafunguliwa daraja la Tanzanite. Hizo ni kazi njema, na aliyewahi kukaa Ubungo kabla ya mwaka 2021, akikodolea macho gari lilelile la mbele yake kwa saa nzima, anajua thamani yake. Hata hivyo foleni haijaisha, wala haitaisha kesho. Dereva wa Dar es Salaam hana budi kujifunza kuishi ndani yake.

Sasa, kuishi ndani yake maana yake nini? Wengi hudhani kwamba anayesalimika mjini ni mjanja: anayejua kuchomekea, kutanua kwa kupita nje ya mstari wa lami, kupenya kati ya lori na basi pale ambapo hata baiskeli ingesita. Kijana mgeni hufundishwa hivyo tangu siku ya kwanza. Huambiwa kwamba mjini ukingoja hupiti. Sisi tunasema kinyume. Vitu vinavyomwokoa dereva mjini ni viwili tu, navyo ni nafasi na muda. Nafasi ni ule uwazi unaobaki kati yake na aliye mbele, kando na nyuma. Muda ni zile dakika alizoondoka nazo nyumbani, na zile saa za usingizi alizolala kabla ya kushika usukani. Ujanja wote wa mjini ni biashara ya kuuza vitu hivyo viwili kwa bei ya kutupa.

Tupige hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Taa ikiwa ya kijani, magari yaliyopanga mstari hupita moja baada ya jingine kwa tofauti ya sekunde mbili hivi. Dereva anayetanua na kuchomekea mbele ya magari kumi amepata, basi, sekunde ishirini. Tuwe wakarimu, tuseme kwamba kwa ujanja huo amewahi mzunguko mmoja wa taa: amepata dakika chache, ambazo atazirudisha kwenye makutano yanayofuata. Na akiingia katikati ya makutano wakati mbele hakuna pa kutokea, amewafungia njia wanaotoka kulia na kushoto. Hao nao huwafungia wengine, na baada ya muda hakuna anayesogea, na yeye mwenyewe yumo. Sehemu ya foleni tunayoilaani tumeifunga kwa mikono yetu wenyewe.

Na pale barabara inapokuwa tupu? Safari ya kilometa 20 kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa huchukua dakika 24. Kwa mwendo wa kilometa 60 huchukua dakika 20. Faida ni dakika nne, chini ya muda wa kunywa kikombe cha chai. Sasa tutazame gharama. Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa hupita karibu meta 14 kila sekunde. Dereva aliye macho huhitaji kama sekunde moja tangu aone hatari hadi mguu ukanyage breki. Gari limekwisha kula meta 14 kabla ya breki kuanza kazi. Kwenye lami kavu na matairi mazuri huhitaji meta nyingine 14 au zaidi ndipo lisimame. Jumla ni kama meta 28. Kwa mwendo wa kilometa 80 jumla hiyo inakaribia meta 58, yaani zaidi ya mara mbili, ingawa mwendo wenyewe haukuongezeka hata mara mbili. Lami ikilowa, au matairi yakiwa kipara, hesabu hizo zote huzidi.

Shirika la Afya Duniani linatueleza kwamba mwenda kwa miguu anayegongwa na gari linalokwenda kilometa 65 kwa saa yumo katika hatari ya kufa iliyo zaidi ya mara nne kuliko anayegongwa na gari la kilometa 50. Tofauti ni kilometa 15 tu kwenye mshale wa dashibodi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilipoweka ukomo wa kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, haikufanya hivyo ili kumpa trafiki mwenye tochi kazi ya kufanya. Ilimkumbuka mtoto anayevuka kwenda shule, ambaye hajui bado kupima mwendo wa gari kwa macho.

Kutokana na hayo tunapata kanuni chache za kila siku, ambazo tungependa kila kijana aondoke nazo huku kama anavyoondoka na shuka.

Kwanza, aache nyuma ya gari la mbele umbali wa sekunde mbili, na mvua ikinyesha aongeze maradufu. Atachagua alama, nguzo au mti. Gari la mbele likiipita, ahesabu. Mwingine akiuingia uwazi huo, na hakika ataingia, asikasirike; aufanye upya. Hata akiingiliwa mara kumi, amepoteza sekunde ishirini zilezile tulizozitaja.

Pili, asikae pale ambapo dereva wa lori hamwoni. Semi-trela linalokata kushoto kuingia Mandela lina sehemu kubwa kando yake ambayo kioo hakiioni. Mwendesha bodaboda anayejipenyeza hapo, akidhani kwamba kwa kuwa yeye analiona lori basi lori nalo linamwona, ameweka roho yake mikononi mwa mtu asiyejua kwamba yupo. Kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni.

Tatu, asiingie njia ya mwendokasi. Inavutia kwa kuwa iko wazi wakati nyingine zote zimejaa. Lakini iko wazi kwa sababu basi kubwa linakuja, nalo linakuja kwa mwendo wa kujiamini, likijua kwamba mbele yake hapatakuwa na mtu.

Nne, mvua. Barabara ya Morogoro pale Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, imefungwa mara nyingi na mafuriko. Mtu wa ziwani hahitaji kufundishwa habari ya maji: upepo wa mwera ukivuma, mzee mwenye busara huuvuta mtumbwi mchangani na kungoja, wala hakuna anayemwita mwoga. Kwa nini basi kijana huyohuyo, akifika Dar es Salaam, ayaingie maji asiyojua kina chake kwa sababu tu nyuma yake kuna mtu anapiga honi?

Tano, kofia ngumu na mkanda. Kofia iliyovaliwa sawasawa, mkanda wake ukiwa umefungwa chini ya kidevu, hupunguza mno uwezekano wa kufa. Ile iliyotundikwa kwenye usukani kumngoja trafiki haipunguzi kitu. Mkanda wa gari nao hupunguza hatari ya kifo kwa waliokaa mbele hadi kufikia nusu. Na abiria wa bodaboda ana kichwa kama cha dereva wake. Kuhusu mishikaki, watu wawili au watatu nyuma ya dereva mmoja, na mtoto amewekwa juu ya tangi la mafuta, tutasema tu kwamba mzigo wa mkaa hufungwa kwa uangalifu kuliko huo.

Sita, simu. Anayesoma ujumbe kwa sekunde tatu katika mwendo wa kilometa 50 kwa saa amekwenda meta zaidi ya 40 akiwa kipofu.

Mpaka hapa, wapendwa, tumezungumza kama wengi wanavyozungumza, tukimwelekezea dereva kidole. Mabango yote humwambia dereva, redio humwambia dereva, trafiki humwandikia dereva. Kama tungeishia hapa tungekuwa tumesema kweli nusu. Maana tumesema kwamba kinachomwokoa ni nafasi na muda; sasa inatupasa kuuliza, ni nani anayemnyang'anya vitu hivyo?

Mtazameni dereva wa daladala. Gari si lake. Kila siku hudaiwa na tajiri mwenye gari fedha maalumu, ambayo kwa lugha ya kazi huitwa hesabu. Mafuta hununua yeye. Faini hulipa yeye. Konda humlipa yeye. Kinachobaki baada ya hayo yote ndicho mshahara wake, na siku nyingine hakibaki kitu. Mara nyingi hana mkataba wa maandishi. Akiumwa, dereva wa deiwaka huchukua usukani, na pengine huo ndio mwisho wa kazi. Hesabu haijui foleni. Haijui kwamba leo mvua imenyesha Jangwani, wala kwamba lori limeharibikia Tazara. Jioni ikifika tajiri hunyoosha mkono, na kiasi ni kilekile.

Mtu wa namna hiyo afanyeje? Hawezi kuiongeza nauli, kwa kuwa nauli hupangwa na serikali. Hawezi kuifupisha barabara. Kilichobaki mikononi mwake ni kuongeza tripu, na tripu huongezwa kwa njia mbili tu: kukimbia, na kutolala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa juma, na kwamba hata pakiwa na saa za ziada, mtu asifanyishwe kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Dereva anayelichukua gari saa 10 alfajiri na kulikabidhi saa 4 usiku amekuwa kazini saa 18. Watafiti nchini Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, utendaji wake hufanana na wa mtu mwenye pombe kiasi cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi humfanya dereva awe mkosaji mbele ya sheria. Huyu wetu hakuonja hata tone. Amelewa hesabu.

Mwendesha bodaboda naye ana namna yake ya hesabu, nayo huitwa mkataba: pikipiki si yake mpaka amalize kuilipia kidogo kidogo, kila siku au kila juma, na akikosa malipo mara kadhaa hunyang'anywa. Hapo ndipo tunapomwona kijana aliye mpole nyumbani, asiyeweza hata kumjibu mjomba wake kwa sauti ya juu, akigeuka barabarani na kuwa mtu tusiyemfahamu. Tabia yake haikubadilika alipopita Morogoro. Kilichobadilika ni deni.

Mkono wa kwanza juu ya usukani ni wa tajiri. Wa pili ni wa abiria. Ni sisi tunaopanda na kusema, "Suka, kanyaga, tumechelewa," wakati tulichelewa kutoka kitandani. Ni sisi tunaomsifu dereva anayekwepa foleni kwa kutanua, na kumdharau yule anayengoja zamu. Ni sisi tunaochagua bodaboda yenye mwendo, tukakaa kimya inapopita taa nyekundu, kisha tukishuka tukasimulia kwa kicheko. Abiria mwenye kusema, "Mwanangu, punguza, nitafika tu," humrudishia dereva muda ambao wengine wamemnyang'anya. Sauti moja ndani ya gari yaweza kudharauliwa. Sauti tano hazidharauliwi.

Mkono wa tatu unatoka mbali zaidi. Unatoka huku kwetu. Simu zinapigwa kutoka mwambaoni kwenda Dar es Salaam: bati zimepanda bei, ada ya mdogo wako inadaiwa, bibi anahitaji dawa, msiba umeingia. Maombi hayo si mabaya. Kusaidiana ndiko kulikotulea wote, na kijana anayesahau kwao hatumsifu. Lakini tujiulize kwa unyofu: tunapompigia kijana saa 2 usiku, akiwa katikati ya Kilwa Road, na kumwambia kwamba kesho asubuhi fedha iwe imefika, tunadhani ataipata wapi? Ataipata kwenye saa zake za usingizi. Ataongeza tripu mbili. Tajiri anataka hesabu yake, nasi huku tumeongeza hesabu ya pili juu yake, tena bila kujua.

Tunajua yatakayosemwa dhidi yetu. Mmoja atasema: njaa haingoji, dereva mpole hatimizi hesabu, na asiyetimiza hesabu hana kazi. Hoja hiyo ni nzito, wala hatutaijibu kwa maneno matamu. Ni kweli kwamba mtu mmoja akipunguza mwendo peke yake, ataumia mfukoni. Ndiyo maana hatusemi jambo hili ni la dereva peke yake. Hesabu yaweza kupangwa kwa namna nyingine: mgawanyo wa mapato ya siku badala ya kiasi kisichobadilika, mkataba wa maandishi, zamu mbili kwa madereva wawili. Hayo si mageni duniani, wala hayakatazwi na sheria yetu. Sheria yenyewe inayadai baadhi yake. Tajiri naye afanye hesabu nyingine: gari lililolazwa gereji miezi miwili limempotezea kiasi gani? Na dereva aliyezikwa, familia yake inamdai nani?

Mwingine atasema: ongezeni trafiki, ongezeni faini, na yote yatanyooka. Sisi hatupingi sheria kusimamiwa. Tungependa isimamiwe zaidi, na kwa haki, bila kupeana mikono kando ya dirisha. Lakini faini inayolipwa na dereva pekee, bila kumgusa mwenye gari aliyepanga hesabu isiyowezekana, huongezwa tu kwenye deni la siku, na deni hilo hulipwa kwa mwendo.

Wa tatu atasema neno ambalo tumelisikia mara nyingi misibani: ajali haina kinga, saa yake ilikuwa imefika. Hapa tunaomba tuzungumze kwa upole, kwa kuwa wengi hulisema neno hilo wakitafuta faraja, na faraja ni haki ya mfiwa. Tunabariki magari na pikipiki zinazoletwa kwetu, na tutaendelea kuzibariki. Lakini rozari iliyotundikwa kwenye kioo cha mbele haifanyi kazi ya breki, wala picha ya mtakatifu kwenye dashibodi haiwezi kukaa macho kwa niaba ya dereva aliyesinzia. Kumtwisha Mungu ajali iliyotengenezwa na matairi kipara, usingizi wa saa nne na hesabu isiyolipika si imani, ni kumsingizia. Ajali nyingi zina kinga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani duniani, na kwamba ajali hizo ndizo muuaji mkuu wa watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki, wale wasio na bati la kuwakinga. Lakini katika nchi zilizoamua kupunguza mwendo, kuwapa waenda kwa miguu njia zao, na kudhibiti saa za kazi za madereva, vifo vimepungua mno. Saa za watu wa huko hazikubadilishwa mbinguni. Zilibadilishwa barabarani.

Nini basi kifanyike juma hili, kabla serikali haijajenga daraja jingine na kabla matajiri hawajakaa mezani?

Wewe kijana uliyeko Dar es Salaam, ukisoma haya kwenye simu yako, tunakuomba uyasome ukiwa umesimama. Amka mapema robo saa kuliko ulivyozoea. Hiyo ndiyo njia ya pekee ya kuongeza muda ambayo haimwibii mtu. Kagua breki, matairi na taa kabla hujawasha. Wape wengine nafasi hata kama hawakushukuru. Ukiona macho yanafumba, simama pembeni. Hesabu ya leo yaweza kulipwa kesho, lakini wewe huna wa kukulipia. Na mnapokuwa kijiweni, zungumzeni kwa pamoja juu ya hesabu na mikataba yenu, kwa maana lisilowezekana kwa mmoja huwezekana kwa hamsini.

Wewe mwenye gari au pikipiki, na wapo hata huku kwetu walionunua chombo na kukipeleka mjini kitafute, mwandikie kijana wako mkataba. Siku ya mafuriko, ipunguze hesabu bila kuombwa.

Wewe abiria, toka mapema, funga mkanda, vaa kofia, na ukiona hatari usikae kimya.

Nasi tulio huku Lundo, na Liuli, na Mbamba Bay, na juu kule Mbinga, tuna kazi moja ndogo isiyohitaji fedha. Tukimpigia simu mtoto wetu jioni, tumwulize kwanza kama amesimama au yuko barabarani; akiwa barabarani, tukate, tupige baadaye. Akiwa amesimama, kabla ya kumwuliza kama ametuma, tumwulize jana alilala saa ngapi. Tusikilize jibu. Kama ni saa nne, bati zingoje mwezi ujao.

Tunawatakia juma jema. Walioko safarini wafike salama, na wanaowangoja wawe na subira ya kungoja. Tuonane tena juma lijalo.